Paka wa Nyumba Haingwa, na wa Mtaani Je?

Majuma mawili yaliyopita niligusia kwa ufupi habari za paka wanaozurura katika masoko yetu, na tangu siku hiyo simu ya ofisini haikupumzika. Nilipozungumzia bei ya sukari sikupata hata robo ya simu hizo. Wengi wenu mliuliza jambo moja: paka jike wa mtaani, mwenye watoto, aliyezoea mawe na matusi, je, anaweza kumwamini binadamu? Na kama anaweza, huchukua muda gani? Bwana mmoja yeye alikuwa na swali lake mbali, tena aliliuliza kwa kicheko. Alitaka kujua mtu mzima mwenye kazi yake anahangaika na paka wa jaani ili iwe nini.

Nianze na huyo bwana, maana jibu lake ni fupi. Paka hubeba mimba siku 63 hadi 65 hivi, na anaweza kushika mimba nyingine angali ananyonyesha. Jike mmoja aliyeachwa nyuma ya genge la samaki si paka mmoja, ni ukoo. Ukitaka kuupunguza ukoo huo kwa njia ya kiungwana, sharti umpate mama, umpeleke kwa daktari wa mifugo afungwe kizazi, na achanjwe kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao, licha ya jina lake, paka naye huupata na huuambukiza. Paka asiyeshikika hachanjiki, ila kwa mtego na purukushani kila mwaka. Hapo ndipo suala la kuaminiana linapoacha kuwa mchezo wa watoto na kuwa jambo la mtaa mzima.

Sasa tuje kwa paka mwenyewe. Paka wetu wa nyumbani ni mjukuu wa paka pori wa Afrika na Mashariki ya Kati, ambaye hata leo yupo katika mbuga zetu, mwenye rangi ya mchanga na miguu mirefu, na ambaye huwinda peke yake. Mbwa ametokana na wanyama wa kundi. Paka hakutoka huko. Alisogea karibu na binadamu kwa ajili ya panya wa maghala ya nafaka, akaona panafaa, akakaa. Ndiyo maana kumlazimisha hakukupi kitu. Mama yangu mzazi, aliyekulia Pangani na ambaye sasa naishi naye, huliweka hivi: paka hafugwi, paka hujifuga.

Pili ni suala la umri. Katika miaka ya 1980 mtafiti Eileen Karsh wa Chuo Kikuu cha Temple, huko Philadelphia, Marekani, alionyesha kwamba mtoto wa paka ana kipindi maalumu cha kumzoea binadamu, nacho huanza juma la pili la maisha yake na kwisha kama juma la saba. Ni kama mlango. Akishikwa kwa upole mlango ukiwa wazi, atakua akimwona mtu kuwa sehemu ya dunia yake. Ukifungwa kabla hajashikwa, mtu kwake atakuwa hatari kama lilivyo gari. Kwa hiyo hao tunaowaita kwa jina moja la paka wa mitaani si kabila moja. Yupo aliyezaliwa nyumbani kisha akatupwa, pengine wenyewe walihama wakamwacha. Huyu mlango wake ulikwisha kufunguliwa zamani, bawaba tu zimeota kutu. Na yupo aliyezaliwa jaani asiguswe na mtu, shume halisi. Huyu wa pili, hata umfanyie hisani ya namna gani, aghalabu atabaki paka wa uani: atakula chakula chako na mkono wako hatautaka, na si haki kumfungia chumbani kwa jina la huruma.

Taabu ni kwamba siku ya kwanza wote wawili wanafanana. Wote watajibanza pembeni, masikio yamelala nyuma, na ukisogea watakufokea.

Ndivyo alivyokuwa jike niliyeletewa miezi kadhaa iliyopita na kijana mmoja anayehangaika na wanyama waliotupwa. Alimkuta nyuma ya soko la samaki hapa Dar es Salaam, ndani ya friji bovu lisilo na mlango, akiwa na watoto wanne wa kiasi cha juma moja. Mgongoni alikuwa na jeraha la kuungua. Mtu alikuwa amemmwagia maji ya moto au mafuta. Yule kijana alimnasa kwa mtego wa tundu, akampitisha kwa daktari wa mifugo, akachomwa dawa ya usingizi, jeraha likasafishwa. Kisha akaniomba ulezi wa muda, kwa kuwa nina stoo tupu na kwangu hakuna mbwa. (Kwa faida ya wanaodhani huo ni utani wa sokoni, nchi hii ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na kumtesa mnyama ni kosa.) Binti yangu wa miaka tisa aliwatazama watoto wale kabla ya kumtazama mama, akampa jina yule mweupe pepepe. Akamwita Tui. Basi mama naye, kwa desturi yetu, akawa Mama Tui.

Nataka nieleze kwa kituo yale majuma ya mwanzo, maana ndiyo mliyoniuliza.

Stooni tuliweka boksi kubwa la katoni, tumelikata tundu ubavuni na kutandika khanga kuukuu ndani. Msidharau katoni. Mwaka 2014 watafiti wa Utrecht, Uholanzi, waliwagawa paka waliokuwa wamewasili karibuni katika kituo cha kulelea wanyama: baadhi walipewa boksi la kujificha na wengine hawakupewa. Katika siku za mwanzo waliopewa boksi walitulia upesi kuliko wenzao. Paka anayeweza kujificha ana la kuchagua, na mwenye la kuchagua hana haja ya kupigana. Watu wengi hufanya kinyume: humtoa mafichoni wakidhani akikaa hadharani atazoea. Hazoei. Anachojifunza ni kwamba hata tundu alilopewa si lake.

Upande wa pili wa chumba tuliweka beseni la mchanga, na mbali nalo chakula na maji. Paka hapendi kula karibu na choo chake, na nani anapenda? Mama anayenyonyesha huhitaji chakula mara mbili hadi tatu ya kawaida yake, basi tulimchemshia dagaa na vichwa vya samaki bila chumvi, pamoja na nyama kidogo. Ugali peke yake haumtoshi. Mwili wa paka unahitaji taurini, kitu kinachopatikana katika nyama na samaki, na akiikosa kwa muda mrefu macho na moyo huharibika. Maziwa ya ng'ombe nayo, ambayo kila picha ya kitabu cha watoto huyaonyesha mbele ya paka, huwaharisha wengi wao.

Kisha tukamwacha. Sikusema tukamsahau. Mimi zamu yangu ya alfajiri hunitaka niamke saa kumi usiku, nami hupenda kuisoma taarifa ya habari kwa sauti kabla sijatoka. Nikahamishia usomaji ule stooni. Nilikaa sakafuni, ubavu nimempa yeye, nikasoma kwa sauti ya chini habari za bunge, za mvua na za bei ya korosho, bila kumtazama. Kwa paka, jicho lililokodolewa ni tangazo la vita. Ukitaka kumtazama, fanya hivi: lifumbe jicho taratibu, lifumbue taratibu, kisha geuza uso. Nalo hili lina utafiti wake. Mwaka 2020 wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, waliona kuwa paka waliofumbiwa macho taratibu nao walijibu kwa kufumba, na walikuwa tayari zaidi kuukaribia mkono wa mtu wasiyemjua. Mama Tui alinijibu siku ya sita. Usiku wa siku ya saba, nilipokawia kufungua kifuniko cha chakula, alilia "nyau" moja fupi. Nikafurahi kupita kiasi, nami nitawaambia kwa nini. Paka wazima aghalabu hawaliliani nyau wao kwa wao. Kilio kile wamekiweka kwa ajili yetu. Jike huyu aliwahi kuwa na mtu. Hakuwa shume. Alikuwa paka wa nyumba aliyeingwa, jambo ambalo methali yetu inasema halifanyiki.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo zima. Saa ya mama na saa ya watoto hazikwenda pamoja. Yeye alihitaji tusimharakishe. Wao walikuwa wanaingia juma la tatu, mlango wao uko wazi, na kila siku iliyopita bila kushikwa ilikuwa siku iliyopotea. Tukingoja mama akubali kabisa, tutalea shume wanne. Tukiwashika kwa nguvu mbele yake, tutamthibitishia yale aliyoyajua tangu sokoni.

Tulichofanya ni kuiba dakika. Alipotoka kwenda kula pembe ya pili, mmoja wetu alimchukua mtoto mmoja tu, akampima kwenye mizani ya jikoni, akampapasa, akamrudisha mahali pale pale, yote hayo pale mama anapoona. Mizani ni muhimu: mtoto wa paka huzaliwa na gramu 100 hivi na yampasa kuongezeka gramu 10 hadi 15 kwa siku. Asiyeongezeka ni mgonjwa kabla hujauona ugonjwa. Siku za mwanzo Mama Tui aliacha chakula akaja mbio kuwahesabu. Baadaye alinyanyua kichwa tu. Mwishoni aliendelea kutafuna.

Katikati ya hayo tulikaribia kuharibikiwa. Siku ya kumi na moja fundi bomba, aliyeitwa na mwenye nyumba bila sisi kujulishwa, aliingia stooni na funguo zake, akagonga bomba kwa nyundo robo saa nzima. Niliporudi kazini boksi lilikuwa tupu. Mama Tui alikuwa amewahamisha watoto mmoja mmoja, kwa meno, hadi rafu ya juu nyuma ya madumu ya rangi. Watatu walikuwa juu. Tui alikuwa chini sakafuni, kwenye saruji, amepoa, hana hata sauti.

Mtoto wa umri ule hajaweza kujitunzia joto lake vizuri. Binti yangu alitaka ampande mama pale juu, ampe. Bibi yake akamzuia kwa mkono: "Mjukuu wangu, ukimfuata huko atakwenda mahali tusipopajua." Nilimfunga Tui katika khanga nikampa joto la kifuani kwangu, kwanza joto, kwa maana mtoto aliyepoa hapewi maziwa, tumbo lake haliwezi kuyasaga. Alipoanza kujinyonganyonga na kulia, nikamweka juu ya khanga ile ile chini ya rafu, nikatoka, nikaacha mlango wazi kiasi cha upana wa kidole. Tulikaa barazani, hakuna aliyesema neno. Kama paka huhesabu ama hunusa, Mama Tui alishuka. Alimlamba mtoto kichwa kizima, kisha, badala ya kupanda naye rafuni, akamwingiza katika boksi. Ilipofika magharibi amewarudisha wote. Mwenye nyumba aliombwa, kwa heshima zote, atupe taarifa siku nyingine.

Kuguswa kulikuja siku ya kumi na tisa, tena si mimi niliyegusa. Nilikuwa nasoma. Akaja akasugua shavu lake kwenye goti langu mara moja, akaondoka. Paka ana tezi za harufu shavuni. Kwa kusugua huweka alama kuwa hiki ninakijua. Kesho yake nilinyoosha kidole kimoja, chini, nikakiacha hewani. Alikinusa, akakisugua. Nami nikampapasa shavu na chini ya sikio, nikaacha kabla yeye hajaacha. Hilo ndilo ninalowaomba mlishike kuliko yote. Papasa kidogo, acha, ngoja akudai. Mkia ukianza kuchapachapa au ngozi ya mgongo ikicheza, ametosheka. Tumbo liacheni, paka kukuonyesha tumbo si mwaliko wa kulishika.

Lakini msije mkafikiri kwamba tangu siku ile aliamini. Aliamini vipande vipande. Sauti yangu aliiamini kwanza, kisha goti, kisha mkono mtupu. Mkono wenye kitu hakuuamini. Mtu akipita mlangoni na sufuria au birika, hata tupu, alikuwa chini ya rafu kabla hujageuka. Harufu ya mafuta yanayokaangwa ilimnyima kula. Mgongo uliota manyoya upya, ila alichokariri alikuwa bado amekikariri. Nyumbani tukajiwekea amri: hakuna kupita stooni na chombo cha jikoni. Jirani yangu mmoja, tunayeheshimiana sana, aliona haya ni makuu, na akaongeza kuwa paka anayeogopa sufuria ana lake jambo la usiku. Mama yangu alimjibu kwa kumkumbusha ile hadithi ya Mtume juu ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwachia akajitafutia. Mazungumzo yakaishia hapo.

Niseme ya afya kwa haraka, maana simu nyingine zilihusu hayo. Dawa za viroboto za mbwa nyingi zina permethrini, na hiyo ni sumu kwa paka. Msiwapake. Parasetamoli, ambayo kila nyumba inayo, kidonge kimoja tu kinaweza kumwua. Kinyesi cha paka kinaweza kuwa na vimelea vya toxoplasma, lakini huchukua siku moja hadi tano kabla ya kuweza kumwambukiza mtu, kwa hiyo beseni lisafishwe kila siku na mama mjamzito asiwe ndiye msafishaji. Na paka yeyote, hata mpole, akikuuma au kukuparura, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Kichaa cha mbwa dalili zake zikishaanza hakina tiba; chanjo ya mapema ndiyo tiba.

Watoto walipofikisha majuma manane walikuwa wameacha kunyonya na wanapanda miguu ya kila mgeni. Tuliwaita watu makusudi: mzee mwenye sauti nzito, mwanafunzi mwenye viatu vya kishindo, shangazi wa manukato. Kwa upande wa Mama Tui ilibaki safari ya kufunga kizazi, na hapo nilikuwa na hofu, kwani kumkamata kwa nguvu siku hiyo kungebomoa yote. Kwa hiyo majuma matatu kabla tuliweka tenga la kusafiria stooni, mlango wazi, na chakula chake tukawa tunakiweka humo. Siku yenyewe aliingia mwenyewe kama kawaida, tukafunga. Alirudi jioni, akaninunia siku mbili, ya tatu akaja gotini.

Wanaotaka watoto wa paka ni wengi. Wanaotaka mama yao ni wachache mno, hasa mama mwenye kovu. Aliyejitokeza ni mjane mmoja, fundi cherehani, anayeishi peke yake, na ambaye, nilipomweleza habari ya sufuria, hakucheka. Aliniuliza tu kama jiko la uani, mbali na chumba cha kushonea, litafaa. Mama Tui alikaa chini ya meza ya cherehani siku kumi na moja bila kuonekana mchana. Yule mama alishona, akaimba zake, hakuinama kumtazama hata mara moja. Juma lililopita alinipigia simu kuwa sasa anakula sahani ikiwa katikati ya chumba, mgongo amempa yeye. Paka hampi mgongo mtu anayemwogopa.

Watoto wawili wamekwenda pamoja kwa mwalimu mmoja mwenye uwanja mpana. Tui amebaki kwetu, kwa sababu hakuna mtu aliyethubutu kulizungumza jambo hilo mbele ya binti yangu. Yule wa nne, dume mwenye mistari ya kijivu, amechanjwa, amehasiwa, na bado hana nyumba. Mwenye nafasi aniandikie kupitia studio, na katika barua yake anieleze kwanza jiko lake liko wapi na nani yupo nyumbani mchana.